Bomba Lenye Baba Wawili

Bomba la nyumbani kwetu Ngombezi lina baba wawili, na tabia zao haziko sawa. Baba wa kwanza ni mto Pangani. Baba wa pili ni kisima kirefu cha jirani, ambaye hutujazia tangi kila mto unapogoma. Mgeni hawezi kujua ni zamu ya nani mpaka aingie kuoga.

Kiangazi mto hauna maneno. Umetoka Kilimanjaro na Meru, umepumzika kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, unatufikia umetulia. Masika ndipo hukorofika. Mto Mkomazi huumwagia tope la Upare na Usambara, na bomba linatoa kitu ambacho ukikitia kwenye kikombe mtu atakuuliza kama kina sukari. Mwaka mmoja mke wangu aliloweka humo kanzu yangu ya Idi. Niliswali nikiwa na rangi ya gunia, na mzee mmoja wa safu ya mbele akanipongeza kwa kupata kitambaa kipya.

Kisima ni kinyume chake. Maji yake yanang'aa hadi unayaonea haya. Tatizo ni mawe yasiyoonekana: maji yakipenya chini huyeyusha kalsiamu na magnesiamu za miamba, na huja nazo mpaka bafuni. Wataalamu hupima ugumu huo kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Chini ya 60 ni maji laini, yakivuka 180 ni magumu sana. Sisi tunapima kwa sabuni. Mche ukiisha kabla ya shati la pili, hayo ni ya kisima. Povu hakuna, kuna utando wa kijivu unaong'ang'ania kingo za beseni na mgongo wa mwogaji. Maharage nayo hukaza maganda, mkaa unakwisha, yenyewe yanakutazama tu. Tumewahi kula maharage ya mchana saa nne usiku, na bado yalikuwa yanagonga sahani.

Shawa ilikuwa na kisa chake. Matundu yaliziba moja baada ya jingine mpaka likabaki moja, nalo lilielekea mlangoni. Ukitaka kuoga ulisimama umeegemea mlango, na ukichelewa kuufunga, anayepita koridoni anaoga pia. Fundi alipokuja aliifungua, akaigongagonga sakafuni, yakadondoka mawe meupe. Akauliza kama tuna mpango wa kujenga.

Sehemu ya ugumu huondoka maji yakichemka, ila haiendi mbali; hugeuka ukoko ndani ya birika. Dawa yake ni kitu kichachu, basi mke wangu akachemsha ukwaju humo na kuuacha ulale. Alfajiri akaja mjumbe wa mtaa kwa shughuli zake, na mimi, kwa ukarimu wangu wote, nikamwaga ule ukwaju nusunusu, nikatia maji, majani na maziwa. Maziwa yakakatika hapohapo. Mjumbe ni mtu wa adabu. Alikunywa mpaka mwisho, akajifuta mdomo, akauliza kwa upole kama tumeanza kufuga mbuzi.

Ila mambo yalinoga alipokuja shangazi kutoka Lushoto. Kule maji hutoka mlimani, yamepita juu ya miamba ya kale isiyogawa madini ovyo, na kipande kidogo cha sabuni kinaogesha ukoo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nionyeshe bafu."

Ilikuwa zamu ya kisima. Alitoka amepauka kama aliyepakwa majivu, sabuni mkononi.

"Baba, hii sabuni mmeinunua wapi? Imekufa."

Kuanzia hapo alishika hatamu za nyumba. Maharage aliyatia magadi, yakaiva kabla sijamaliza kulalamika. Kisha masika yakaanza, na mimi nikapoteza shabu yangu, ile ninayojipaka kidevuni baada ya kunyoa. Nilipekua kabati, nikawashuku watoto. Nilikuja kuikuta kwenye pipa la maji ya kunywa, imefungwa kamba ya katani, shangazi anaizungusha taratibu.

"Shangazi, hiyo ni ya ndevu!"

"Humu unaona ndevu?"

"Sioni."

"Basi tulia."

Na kweli, shabu hukusanya chembe za udongo zikashikana, zikawa nzito, zikazama. Baada ya muda maji yalikuwa meupe na chini pamelala tope. Vijidudu haiwaui, kwa hiyo tuliendelea kuchemsha, lakini kidevu changu ndicho kilicholipa gharama. Shangazi akainama kutazama lile tope kwa dharau.

"Mna tope baya huku."

"Shangazi, hilo linatoka kwenu. Linashuka na mito kupitia Mombo."

Akanyamaza, akaligusa kwa kidole, akalinusa.

"Ndiyo maana shamba langu la kabichi linapungua. Nirudishieni."

Alipoondoka nilijua tumepona. Haikupita muda akapiga simu, sauti imejaa lawama. Anasema maji ya Lushoto yameharibika. Amejisuuza tangu adhuhuri na mwili bado unateleza, sabuni haitoki. Nilimweleza kwamba ndivyo maji laini yalivyo, na kwamba ameogea hayo tangu azaliwe. Hakutaka kusikia. Kwetu, alisema, angalau unajua umemaliza kuoga, ngozi inakukwaruza. Alitaka dumu moja la maji ya kisima.

Tulilipeleka stendi ya Korogwe asubuhi, lita 20, limefungwa vizuri. Kondakta wa basi la Lushoto akalitikisa, akauliza ndani kuna nini. Mke wangu aliniwahi: asali ya Handeni. Ungesema unapeleka maji Lushoto, nani angekupandisha basi?

Akatutoza nauli ya asali.