Ushuru wa huku na kule

Ukitoka Masimba na mikungu yako ya ndizi kwenda Keroka, jiulize kwanza utaiteremshia kaunti gani. Mji ule umekalia mpaka: huku Kisii, kule Nyamira. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti hizi mbili zimekuwa zikiuvutania, kila moja ikiapa kwamba ushuru wa soko ni wake.

Ni mapenzi ya ajabu. Asubuhi askari wa kaunti anafika na kitabu cha risiti, mama mboga anafungua pindo la leso, analipa. Hajafunga fundo, anatokea mwingine na kitabu chake. “Mama, hiyo ni ya wale. Yetu iko wapi?”

“Sasa mwanangu, nizikate hizi ndizi katikati?”

Ajabu ni kwamba mtaro ukiziba, mpaka unajulikana bila mpimaji. Uliza Kisii, taka ni za Nyamira. Uliza Nyamira, ni za Kisii.

Katiba ya 2010, kifungu cha 188, inaruhusu mipaka kubadilishwa: tume huru kwanza, kisha theluthi mbili ya Bunge la Taifa, kisha Seneti. Ni safari ndefu. Mimi napendekeza njia ya mkato: atakayezoa taka ndiye akusanye ushuru.

Tukisubiri, Agosti 2027 inakuja na wagombea wake, mikono wazi. Mama naye ameshafundwa na soko. Wakimwomba kura, atawajibu mmoja mmoja: “Pole baba, nimeshalipa kwa mwenzako.”