Hotuba Juu ya Mshumaa wa Tabaka, Iliyotolewa Burnt Forest na Bingwa Wake wa Pekee

Waheshimiwa mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni mkiiachia baridi iingie bila ya idhini yangu: maadamu katika mji huu wote, tangu vibanda vya viazi vilivyo kando ya barabara kuu ya Nakuru hata mashamba ya mahindi yaliyo nyuma yake, hapana mtu aliyetangazwa kuwa bingwa wa mshumaa wa tabaka umiminwao ndani ya chupa, imenilazimu, kwa unyenyekevu ambao bila shaka mmekwisha kuutambua, nijitangaze mwenyewe.

Najua kwamba Mwingereza Michael Faraday alipata kutoa hotuba sita juu ya mshumaa mbele ya vijana wa London, katika msimu wa Krismasi wa 1860 ulioingia 1861, na kwamba hotuba hizo zilipigwa chapa zikasifiwa. Simbezi marehemu. Alibainisha vema jinsi nta iyeyukavyo, ikapanda kwa utambi, ikageuka mvuke, na mvuke huo ndio uwakao. Lakini juu ya tabaka za rangi hakutufaa kwa neno, na juu ya Burnt Forest alinyamaza kabisa.

Taksiri hiyo si ndogo. Mji wetu umeinuka mita zipatazo 2,400 juu ya bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yafikapo nyuzi 92 hivi badala ya 100, jambo ambalo wapishi wa maharagwe hulilalamikia na mimi hulishukuru. Kwani nta haitelekwi juu ya moto wenyewe, bali hutiwa koponi, na kopo likasimamishwa ndani ya sufuria ya maji, na maji yetu, kwa adabu yaliyofunzwa na milima, hayawezi kuipasha kupita kiasi. Parafini ya mishumaa aghalabu huyeyuka kabla ya nyuzi 70, na nta ya nyuki, ile ile ya bara ambayo babu zetu wa pwani waliipakia majahazini pamoja na pembe na sandarusi, huyeyuka baina ya 62 na 64. Ama yule aliyeisahau nta juu ya makaa mpaka ikashika moto, kisha akaimwagia maji, huyo hana haja ya hotuba. Ana haja ya mabati mapya.

Sasa zitazameni tabaka zenyewe. Huu hapa ni mshumaa niliouunda kwa taadhima ya sikukuu ya Jamhuri, wenye rangi za bendera: chini kijani, kisha ufito mweupe, kisha nyekundu, ufito mweupe tena, na nyeusi juu. Siri yake yote i katika kungoja. Tabaka ya chini ikimiminiwa nyingine ingali majimaji, rangi huingiliana; ikiachwa ikapoa kabisa, ile ya pili huilalia bila ya kushikana nayo, na baadaye mtaona ufa baina yao. Saa yake ni pale uso ulipoganda, ukaguswa kwa kidole ukapokea alama bila ya kung'ang'ania, na ubavu wa chupa ungali na uvuguvugu. Hapo mimineni, nta ikiwa nyuzi 65 hivi, polepole, ikiteremkia mgongo wa kijiko.

Mama mmoja hapa mbele auliza mbona ule ufito wa juu, uliopasa kuwa mweupe, umekuwa wa waridi. Suali zuri, mama, ijapokuwa halikuombwa. Rangi hiyo hupatikana kwa mabingwa tu, wamiminao nyeupe juu ya nyekundu kabla ya wakati wake, kwa makusudi ya kisanaa yasiyofaa kufichuliwa mbele ya wanaoanza.

Tuendelee. Chupa ya jamu iliyolala dirishani mwezi wa Julai, katika baridi hii yetu, ikimiminiwa nta ya moto, nta hugandia ubavuni ghafla, ikajikunyata na kuachana na kioo, pakabaki mabaka. Basi ipasheni kwanza, na kuikausha. Rangi ya keki msiitie, kwani ni ya maji, na nta haioani na maji. Krayoni za shule nazo ziacheni: chembe zake huziba utambi, mwali ukafifia, na mtoto naye akakosa cha kuchorea. Utambi uwe wa pamba iliyosukwa, kwa kuwa msuko huo huipinda ncha ikaingia motoni na kujila yenyewe. Na nta ya nyuki, iliyo nzito kupanda, hudai utambi mnene kuliko parafini, hivi kwamba anayezichanganya tabaka za nta mbili chupani ameuposea utambi mmoja wake wawili.

Mama anyosha mkono tena: ati mshumaa huu huwaka kwa muda gani? Kuwaka! Mama, huu ni mshumaa wa tabaka, hutazamwa. Nani, mwenye akili timamu, angeitia moto bendera ya taifa? Stima ikipotea mimi hutumia tochi ya simu, kama nyinyi. Ada ya hotuba italipwa mlangoni kwa utaratibu, na kwa mama huyu, kwa kuwa ameuliza masuali mawili, ni debe zima la viazi, vilivyochaguliwa.