Vita vya Mapunye

Mapunye yalipotua kichwani kwa mwanangu wa pili, nyumba yetu ya Tanga iligawanyika mara moja. Upande mmoja mama yangu, aliyevuka kutoka Pemba na chupa ya mafuta ya makonyo ya karafuu, na saumu anayoiamini kuliko panadoli. Upande wa pili mke wangu na krimu yake ya klotrimazoli. Mama alipaka baada ya swala ya alfajiri, mke akapaka usiku. Hawakugombana, kila mmoja aliosha tu kimyakimya alichopaka mwenziwe. Mtoto alikwenda shule akinuka kama sufuria ya pilau.

Pengine wangevumiliana hivyo, kama si mdogo wangu anayesomea ufamasia. Alikuja Ijumaa, akala, akaiona chupa, akaanza mhadhara. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, alisema, na watafiti wameijaribu maabara pamoja na flukonazoli dhidi ya kandida. Flukonazoli humzuia fangasi kutengeneza ergosteroli, ambayo ndiyo inayoshikilia utando wa seli yake; eujenoli huuvuruga utando huohuo. Akibanwa pande zote mbili, dawa kidogo hufanya kazi ya dawa nyingi. Akaongeza kwamba hayo ni ya kwenye visahani vya maabara, tena kwa vipimo vidogo mno. Lakini mama alikwishanyanyuka.

Alasiri, mke wangu akiwa sokoni, mama alitwanga saumu, akamimina mafuta yale bila kuyazimua, akakamulia humo klotrimazoli yote iliyobaki. Si mwanawe msomi kasema vichanganywe? Akampaka mjukuu, akamfunga kitambaa kikakaza. Magharibi haijaadhiniwa, kilio kilifika mtaa wa pili. Saumu mbichi huunguza ngozi, mafuta makali ya karafuu nayo huunguza, sembuse vyote viwili vikifungiwa kitambaani. Malengelenge yalitanda toka sikioni hadi utosini.

Daktari wa zahanati hakumlaumu mtu. Alitibu majeraha kwanza, kisha akawaambia mama na mkwewe kwamba wote wameshindwa: fangasi wa mapunye hujichimbia ndani ya unywele wenyewe, na dawa ya kupaka peke yake haimfikii, iwe ya dukani au ya shambani. Dawa yake ni ya kumeza. Akaandika griseofulvini, wiki 6 hadi 8, inywewe pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze vizuri.

Mama akauliza imetokana na nini. Alipoambiwa ilipatikana kwenye ukungu, London, mwaka 1939, alimgeukia mkwewe kwa ushindi. Tangu hapo dozi anaisimamia yeye, na samaki wa nazi hakosekani. Mke wangu hana neno, maana nywele zinaota.

Nawe ukimpeleka wako zahanati, mtajie daktari kila kilichopakwa, hata kama bibi yake amesimama pembeni.