Mlima Umewekwa Wapi? Hatua Tano za Milimani, Kuanzia ya Tano Hadi ya Kwanza

Kila njia za mbio za baiskeli za Tour de France, Giro d'Italia na Vuelta a España zinapotangazwa, watu hukimbilia kuuliza mlima upi ni mkali zaidi. Mimi nauliza umewekwa wapi. Kwa kipimo hicho nimezipanga hatua tano. Mwenye kubisha na abishe, ila aje na ramani.

5. Angliru, Hispania

Vuelta iliupanda mara ya kwanza 1999. Pale Cueña les Cabres mwinuko unapita asilimia 23, na mwendo unakuwa wa mtu anayetembea. Unatisha, na hiyo ndiyo kasoro yake: ukiwekwa mwishoni, manahodha wa timu hushinda siku nzima wamejificha nyuma ya wasaidizi wao, wakingoja kilomita sita za juu. Ni harusi yenye msafara mrefu na pilau kidogo.

4. Col du Portet, Ufaransa, 2018

Tour ilikata hatua ikabaki kilomita 65 na milima mitatu, kisha ikawapanga waendeshaji kwenye mstari wa kuanzia kama magari ya Formula 1. Mbwembwe za mstari hazikufua dafu. Kundi likajikusanya kama kawaida. Lakini ufupi ulilipa: Nairo Quintana alichomoka kwenye mlima wa mwisho akashinda, na Chris Froome, bingwa mtetezi, akaachwa. Alama kwa ujasiri. Mstari wakauache uwanjani.

3. Formigal, Hispania, 2016

Karatasini ilikuwa hatua ya kupitisha siku: kilomita 118, mlima wa mwisho mpole. Lakini barabara ilianza na vilima, siku moja tu baada ya kupanda Aubisque, miguu bado mizito. Alberto Contador akashambulia mapema, Quintana akadandia, na Froome akabaki nyuma bila wasaidizi wa kutosha. Alipoteza zaidi ya dakika mbili na nusu, na Quintana akaja kutwaa Vuelta hiyo. Zaidi ya waendeshaji 90 walifika muda umekwisha, waamuzi wakawasamehe. Aliyechelewa kuamka siku ile alilipia.

2. Galibier na Granon, Ufaransa, 2022

Hapa mchoraji wa njia anastahili kupewa mkono. Galibier, mita 2,642, uliwekwa kabla ya mlima wa mwisho, na hivyo ukawa silaha. Primož Roglič na Jonas Vingegaard walipokezana kumshambulia Tadej Pogačar, naye akajibu kila mara, tena kwa tabasamu. Deni lilidaiwa Granon, kilomita 11.3 za wastani wa asilimia 9.2. Vingegaard akaondoka, naye Pogačar, zipu ya jezi ya njano ya kinara wa Tour ikiwa wazi na kichwa kikicheza, akapoteza dakika 2 na sekunde 51. Granon ulikusanya, kazi ilifanywa na Galibier.

1. Colle delle Finestre, Italia

Kilomita 18.5, wastani wa asilimia 9.2, na karibu kilomita nane za juu ni changarawe. Hapo gurudumu la nyuma linateleza ukisimama kwenye pedali, na kujificha mgongoni mwa mwenzio hakusaidii sana. Kwenye Giro ya 2018 Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa baiskeli na Mkenya David Kinjah, alichomoka humo zikiwa zimebaki kilomita 80 akaenda peke yake hadi Bardonecchia. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: kwenye mteremko alizidi kuwaacha. Simon Yates, aliyevaa jezi ya waridi ya kinara, alipoteza zaidi ya dakika 38. Mwaka 2025 Yates akarudi kwenye mlima uleule, akashambulia, na upande wa pili akamkuta mwenzake wa timu Wout van Aert akimngoja. Akaondoka na Giro nzima.

Van Aert asingekuwa na kazi kama mstari wa kumalizia ungekuwa kileleni. Kwa hiyo, wachoraji: mlima mkali kuliko yote uwekeni mapema, kisha mtuachie barabara ya kutosha mbele yake. Nahodha akibaki peke yake na kilomita bado zipo, hapo ndipo mbio zinapoanza.