Mwezi Mmoja Tu, Papa Bayere

Ukikutana na mtu mwenye nyumba ya wageni Muhumba, hapa Bukavu, usimwombe soda. Mnunulie wewe. Unamwona tajiri kwa sababu geti lake ni la chuma na bustani yake inatazama ziwa. Hujui kwamba alfajiri ile ameamshwa na mpangaji wa chumba namba tatu, taulo kiunoni, povu kichwani, akiuliza: "Papa bayere, maji yamekwenda wapi?"

Kana kwamba bayere, yaani mimi mwenye nyumba, nimeyaficha.

Nyumba yenyewe ilijengwa na Mbelgiji enzi ambazo mji huu ungali unaitwa Costermansville. Baba mdogo aliinunua, akaigeuza nyumba ya wageni, akafariki. Familia ikakaa kikao, ikaniteua niisimamie, "kwa sababu wewe uko na muda". Tangu kikao kile sina muda. Wageni wa usiku mmoja wamepungua, na wengi sasa wanalipa kwa mwezi. Mtu anafika na sanduku moja, anasema anangoja kazi, au viza, au barabara itulie. Mwezi mmoja tu, Papa bayere. Halafu jioni moja unasikia harufu ya sombe ikitokea chini ya mlango, unajua huyo si mgeni tena, amehamia.

Kila mtu ananipa shauri lilelile: karabati. Wala sikatai kukarabati. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kipya ndicho bora. Sakafu ya mbao za libuyu aliyoiacha Mbelgiji imekanyagwa na mapadri, askari, watu wa mashirika na watoto wa shemeji zangu, na mpaka leo haijalia hata kwii. Milango yake unaisukuma kwa kidole kimoja. Vitasa nilivyovifunga mimi mwaka jana, vinavyong'aa kama meno ya dhahabu, vimeshaanza kumeza funguo.

Au chukua lile tone. Fundi wa bomba aliitwa kwa tone moja chini ya sinki, tone lisilojaza kikombe hata kwa usiku mzima. Akainama, akagusa, akanitazama kwa huruma: "Papa, ni kamupira tu njo kameisha." Bei ya kampira haifiki bei ya mandazi. Alipokafungua, bomba jipya la plastiki likapasuka pale lilipounganishwa na la chuma. Ili kulifikia ikabidi avunje vigae. Vigae hivyo vilikuwa vya juzi tu, na dukani rangi ile ilikuwa imekwisha. "Lakini iko ingine inafanana," akasema muuzaji. Inafanana! Sasa choo kina vigae vya rangi ya maziwa, na katikati kiraka cha rangi ya chai ya maziwa, na mpangaji anataka nimpunguzie kodi kwa ajili ya macho yake. Bomba la Mbelgiji, kule ndani ya ukuta, lilikuwa kavu kabisa. Fundi alilipiga kwa spana, akalisikiliza, akasema kama mtu aliyekosa kazi ya kesho: "Hii haiwezi kufa, Papa."

Kuhusu maji na umeme sina wa kumshtaki ila sisi sote wa mji huu. Mvua ikinyesha, mifereji ya Kadutu na Ibanda inakokota chupa za plastiki mpaka ziwani. Ziwa Kivu lina mlango mmoja wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, na kwenye mto huo kuna bwawa la umeme la tangu miaka ya 1950. Chupa zinakwenda kujikusanya pale, mitambo inakabwa koo, umeme unakatika. Umeme ukikatika, pampu yangu inasimama. Pampu ikisimama, tangi linakauka. Tangi likikauka, wapangaji wananunua maji ya chupa. Wakishakunywa, chupa wanatupa wapi? Mfereji uko palepale nje ya geti.

Nilimweleza mpangaji wa chumba namba tatu mzunguko wote huo, hatua kwa hatua, povu likimkaukia masikioni. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na jenereta, Papa?" Jenereta ipo, haina ugonjwa wowote. Inakunywa mafuta ya mchana mmoja kwa bei ya kodi yake ya wiki, na tangu nimwambie hivyo ameanza kuoga kwa bidoni.

Kisha kuna ufa wa sebuleni. Huo una tarehe yake: Jumapili, 3 Februari 2008, asubuhi lilipotupiga tetemeko la ukubwa wa 5.9. Fundi mwashi ameupima, akasema haujasogea tangu siku ile, nyumba itatuzika sote. Mimi ninaupaka rangi, rangi inapasuka, ufa unabaki palepale. Wapangaji wameshajua thamani yake. Taja kodi tu, utaona macho yanapanda ukutani taratibu, mtu anavuta pumzi: "Lakini Papa, na usalama?" Anaomba apunguziwe dola kumi kwa sababu ya usalama. Akipunguziwa, anavuta kiti anakaa chini ya ufa uleule, anatazama mpira.

Na garanti je? Sheria ya nyumba za kupanga ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Kifungu hicho wapangaji wangu wanakijua kwa moyo. Ila hawajafika pale panaposemwa kwamba garanti inarudishwa mtu akishatoka na chumba kikishakaguliwa. Wao wanaila wangali ndani. "Papa bayere, kuanzia mwezi huu tunakula garanti." Wakimaliza kuila wanaondoka na balbu.

Wanaolipa nao wana noti zao. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 na benki zikafunga milango, dola zinazozunguka kwetu ni zilezile, na zinachoka pamoja nasi. Mpangaji ananiletea noti ya ishirini yenye kamkato kadogo pembeni, kadogo hata ukucha ni mkubwa. Ninaigeuza kwenye mwanga, naye anatazama pembeni. Nikimrudishia ananiambia, "Na mimi njo vile walinipatia." Nikiipeleka kununua simenti ya Bugarama, muuzaji anaitazama mara moja tu, anaendelea kuhudumia mtu mwingine. Simenti inavuka mpaka kutoka Rwanda ikiwa na mfuko uliotoboka, hakuna anayeirudisha.

Juzi akaja komisionere, dalali wa nyumba, pamoja na bwana mmoja wa suti. Wanataka tubomoe, tupandishe etaji, mbele tuweke vioo vya buluu. "Nyumba imezeeka, Papa," akasema bwana wa suti. Nikamwambia sawa, tutembee, unionyeshe kilichozeeka. Akanionyesha kitasa. Akanionyesha kiraka cha vigae. Akanionyesha tangi la plastiki lililopinda upande mmoja, dari ya plastiki iliyoshuka, swichi iliyoungua. Vyote hivyo nimeviweka mimi, na risiti ninazo. Juu ya sakafu ya libuyu alipita bila kusema neno, ila mwishoni aliuliza kama mbao zile zinauzwa kando.

Familia itakaa kikao Jumapili kulijadili jambo hilo. Wajumbe wanaotoka Walungu na Kabare watalala kwangu, bila kulipa, maana ni nyumba ya ukoo, na Mama watoto ameshaniuliza watakula nini. Nimewaandalia vyumba vilivyo wazi. Naomba jambo moja tu: atakayepewa chumba namba saba asijifungie kwa ufunguo. Kitasa kile ni kipya.