Anza kwa Kuiba Insha

Mwalimu, ukiingia darasa la saba na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 mkononi, ukaanza kuisoma kifungu kwa kifungu, watoto watasinzia kabla ya kengele. Iache mezani. Iba kwanza.

Chukua insha iliyoongoza wiki iliyopita, ile ya safari ya Marangu kumsalimia bibi. Mwombe mwenyewe ruhusa asubuhi, pembeni. Kisha futa jina lake, andika lako kwa kalamu nyekundu, uisome mbele ya darasa huku umevimba kifua. Atakayeruka wa kwanza ni jirani yake wa dawati: “Mwalimu, hiyo si yako!” Kelele zikipanda, uliza: nimeiba nini, na daftari analo? Waache wabishane. Wakifika penye jibu kwamba umeiba kazi yake, waambie sheria inasema hivyo hivyo: ukishaitunga na kuiandika ni yako, hata kabla ofisi ya hakimiliki, COSOTA, haijakusikia.

Sasa wataogopa kupita kiasi. Watauliza kama kukitaja Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwenye insha kuna faini. Watulize. Urefu wa mita 5,895 hauna mwenyewe, wala habari kwamba Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889. Kilicho na mwenyewe ni maneno ya mwandishi aliyesimulia, na hata hayo unaruhusiwa kunukuu kwa kiasi cha haja, ukitaja jina lake na kitabu chake. Wazee wetu wa mteremkoni wanaujua mpango huu kwa mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba: maji unapata, ila kwa zamu, na ukoo uliouchimba hausahauliki.

Kisha waonyeshe kitabu kizima kilichotolewa kopi steshenari: kivuli cheusi katikati pale kitabu kilipogoma kulala, herufi za pembeni zimemezwa. Hesabuni pamoja. Karatasi imelipiwa, wino umelipiwa, umeme umelipiwa. Mwandishi? Sifuri. Hapa usipite haraka. Wapo watoto darasani humo watakaokuja kuandika vitabu.

Hesabu nyingine: ulinzi wa hakimiliki unadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962, wajumlishe wenyewe.

Halafu wapeleke kwenye wimbo wanaoujua wote, ule ambao wagumu, wapagazi wa mlimani, huwaimbia wageni kambini, na Kilimanjaro imechomekwa ndani: “Jambo Bwana”. Uliza ni wa nani. Darasa zima litajibu ni wa zamani, wa mlimani. Waambie ni wa kundi la Them Mushrooms la Kenya, ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Boney M. wakaurekodi kwa namna yao mwaka 1983. Wimbo umezunguka dunia, na jina la mtunzi halijulikani hata kwa wanaouimba kila wiki. Mimi hilo linaniuma, na ningependa liwaume na wao.

Kazi ya nyumbani: kila mtoto atunge wimbo wa kupokea wageni, maneno yake na sauti yake, chini aandike jina na mwaka. Zibandike ukutani. Atakayetaka kuimba wa mwenzake siku ya mahafali, aende akamwombe.