Steringi Hafi? Nani Kasema!

Msyuuu! Leo nasonya kwa sauti, na asije mtu kuniambia nipunguze. Kijana wa watu kakaa hapa kwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi, anatangaza kwamba picha aliyoitazama jana usiku ni ya ovyo kwa kuwa steringi kafa. Wenzake nao wanadakia: kweli bwana, steringi hafi, akifa hiyo si picha. Nani kawaambia? Kauli hiyo tumelelewa nayo kwenye mabanda ya video, tumebanana kwenye mabenchi, mpaka imekuwa sheria isiyohojiwa. Mimi naihoji, maana inatupora utamu wa hadithi na maana yake pamoja.

Haya, tumchukue Rambo mwenyewe, huyo mnayemwapia. Kabla ya filamu kulikuwa na riwaya, *First Blood*, ya David Morrell, ya mwaka 1972. Humo ndani Rambo anakufa. Filamu ilipotengenezwa mwaka 1982, walipiga hata kipande cha mwisho ambamo anakufa. Wakawaonyesha watazamaji wa majaribio, watazamaji wakanuna, kikawekwa kipande kingine ambamo anatoka hai. Mwaka 1985 akarudi na silaha nzito zaidi, na tangu hapo sisi tunamjua wa misuli na risasi tu. Ebu itazameni tena ile ya kwanza hadi mwisho. Vita vimekwisha, kajiinamia mbele ya aliyekuwa kamanda wake, analia. Anasimulia habari za mtoto kule Saigon aliyekuja na kisanduku cha kung'arisha viatu, kisanduku kimetegwa bomu, rafiki yake akalipuka mbele ya macho yake. Hicho ndicho kiini cha hadithi: askari karudi kwao, kwao hakuna anayemtaka. Sisi tumebaki kuhesabu risasi.

Halafu mnasema hayo ya kufa kwa steringi ni mambo ya Wazungu. Jamani! Pwani hii ilikuwa na steringi wake karne nyingi kabla ya deki ya kwanza kushuka bandarini. Fumo Liongo katiwa gerezani, anasubiri kuuawa. Mjakazi Saada analeta chakula kizuri, walinzi wanakila. Basi mama mtu anaoka mkate wa makapi, anaficha tupa ndani yake. Walinzi wanautazama, wanaudharau, wanaupitisha. Usiku Liongo anakata pingu huku watu nje wanapiga ngoma na kuimba utungo alioutunga mwenyewe, sauti ya tupa isisikike. Niambieni ni mwandishi gani wa Hollywood aliyetuzidi hapo!

Na Liongo anakufa. Tena anauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni, kijana akiwa kaahidiwa mke na cheo. Lakini hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Masimulizi yanasema Liongo alitambua kwamba kijana katumwa. Alijua, na bado akamtajia siri ya kifo chake. Alichagua. Angeweza kumfukuza, angeweza kumdanganya, akachagua kumjibu mwanawe. Halafu akaenda kufia kisimani, kapiga goti na upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Hadithi hii imeishi kwa sababu ya uamuzi ule. Kwa maneno mengine, steringi ni mtu anayeamua jambo zito na kulilipia gharama. Akipona, sawa. Akifa, sawa pia. Kazi yake kaifanya.

Wala si lazima awe mtu mwema, hilo nalo tulimalize. Riwaya ya Achebe ya mwaka 1958 tuliisoma kwa Kiswahili kwa jina la *Shujaa Okonkwo*. Huyo shujaa alimkata kwa panga Ikemefuna, mtoto aliyekuwa akimwita baba, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Ukisoma hapo unataka kuufunga ukurasa. Hufungi, kwa sababu ile hofu unaijua, umeiona kwa wanaume wa mtaani kwenu. Mwandishi kakuingiza ndani ya mtu ambaye ungemkimbia barabarani.

Na wale wa shule wenye jibu la kukariri, kwamba mhusika mkuu ni yule mwenye jina kwenye jalada, nao nawasonya. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Shakespeare mwaka 1963. Kaizari ndiye mwenye jina kwenye jalada, lakini anachomwa visu katikati ya tamthilia, na mzigo wote unabaki kwa Bruto, aliyempenda akamuua. Jina kwenye jalada halimfanyi mtu kuwa mhusika mkuu.

Sasa njooni kwa Shafi Adam Shafi, maana hapa tuligombana kweli. *Vuta N'kuvute*, riwaya ya mwaka 1999, na Amil Shivji akaitoa filamu mwaka 2021. Unguja ya wakoloni, Waingereza wametawala. Denge ana siasa, ana makaratasi ya siri, polisi wanamwinda. Vijana wote hapa wakasema Denge ndiye steringi, nani mwingine? Mimi nasema ni Yasmin, na sirudi nyuma. Denge tunapokutana naye tayari anajua anachotaka. Anataka mkoloni aondoke, anakitaka mwanzo, anakitaka mwisho. Ni jasiri, namheshimu. Lakini Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyempenda. Hakuna aliyemfundisha kutaka kitu. Anaondoka kwa mume, jamaa zake wanamkataa, anahifadhiwa na shoga yake Mwajuma, anaingia kwenye ngoma na vicheko ambavyo kwao alikatazwa hata kuvichungulia. Kila hatua anayopiga inamgharimu watu wake. Mwandishi angemfuata Denge peke yake, tungepata habari za mapambano. Kumfuata Yasmin kunatuonyesha uhuru unavyoanzia chumbani, kwa mtu mmoja kusema basi, naondoka. Ndiyo maana nasema Shafi alichagua vizuri mno.

Kinachoniuma ni filamu zetu nyingi za hapa nyumbani. Binti yuko kwenye jalada, sura yake imejaa kasha zima. Ukiitazama, sehemu ya kwanza analia, sehemu ya pili analia. Mama mkwe kamfukuza, mume kaoa mwingine, ugonjwa umemwangusha kitandani. Mwishoni anatokea tajiri na gari lake, au mchungaji na maombi yake, mambo yanakwisha. Yeye kaamua nini? Hakuna. Huyo ni ubao wa kupigiliwa misumari, kisha tunaambiwa ndiye nyota wa picha! Waigizaji tunao, tena wenye machozi ya kweli na macho yanayosema. Wapeni jambo la kuamua, jamani. Mpeni huyo binti siri ya kuifichua au kuificha, na kila njia iwe na hasara yake. Mwacheni akosee kwa akili yake mwenyewe. Hilo halihitaji kamera ya gharama wala helikopta.

Kezilahabi aliweza kwa kalamu tu, mwaka 1971, na *Rosa Mistika*. Rosa wa Ukerewe anapigwa na baba yake, Zakaria, mlevi, kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakua akiwaogopa wanaume, kisha anapopata uhuru chuoni hajui autumie vipi, anapotea, na mwisho anajiua. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda, wakubwa wakasema kitawaharibu watoto. Kilichowatisha ni Zakaria, maana kila mtaa ulikuwa na wake. Kezilahabi angemwokoa Rosa kwenye ukurasa wa mwisho, akamwoza bwana mwema mwenye nyumba ya bati, wazazi wote wangekiweka kitabu rafuni kwa amani. Hakumwokoa, na mpaka leo kwenye madarasa ya fasihi watu wanagombana ni nani aliyemuua.